Ombi la Kuhamia Kiti cha Mshiriki

Kwa Mkurugenzi,
Mafunzo na Ustawi wa Watumishi wa Utafiti,
Ghorofa ya juu, mlango wenye zulia.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUONDOLEWA KWENYE UTUMISHI WA UTAFITI NA KUPOKEWA KAMA MSHIRIKI WA UTAFITI HUOHUO

Pokea salamu na heshima zangu zote. Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa barua yako ya Jumanne imenitaka na mimi nijieleze, nitajieleza. Naandika saa ya chakula, nimekaa kwenye stoo ya magodoro, mtoto ananyonya. Mwandiko ukipinda mahali ujue amegeuka.

Mimi ni yule msaidizi wa utafiti wa chumba cha ridhaa, kile kilicho kati ya choo cha wageni na hii stoo. Huenda hunijui kwa sura, maana tukikutana ni kwenye ngazi, wewe unateremka na simu sikioni, mimi napanda na mafaili yamenifika kidevuni. Kazi yangu ni kuwasomea kina mama waliojifungua karibuni karatasi ya utafiti wetu wa presha baada ya uzazi. Nawaeleza kwamba tunataka kujua kwa nini presha ya baadhi yao inapanda wakati kila mtu anamtazama mtoto, kwamba tutawapima na kuwatembelea majumbani, na kwamba mtu ana haki ya kukataa na dunia isipinduke. Nikimaliza kusoma namwambia mama, haya, sasa nirudishie kwa maneno yako, umeelewa nini. Asiporudisha sawasawa naanza upya. Hakuna sahihi mpaka arudishe. Ndivyo mlivyotufundisha, na sijamharakisha mtu hata siku moja.

Barua yako ina mambo mawili. La kwanza, kwamba nimechafua takwimu za utafiti kwa kukaa kwenye kiti cha mshiriki na kuandikishwa hali nikijua kuwa ni mtumishi. La pili, kwamba kwa kuwa jambo hilo linaonyesha uchovu, Jumatatu niripoti bwenini kwa mafunzo ya lazima ya Namna ya Kujitunza, nilale hukohuko mpaka yaishe, na kwamba watoto hawaruhusiwi. Nisipofika, nafasi yangu apewe mwingine.

Mwanangu ana meno mawili na anategemea ziwa. Nyumbani tunamwita Mzee, kwa ajili ya kipara na ile tabia ya kutaka asikilizwe yeye kwanza. Chupa haitaki. Tumejaribu chupa, tumejaribu kijiko, tumejaribu kikombe chenye picha ya bata. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayeshinda naye na kumleta geti la nyuma mchana anyonye, alifikia kuvaa blauzi yangu ambayo haijafuliwa ili anuke kama mimi. Mzee alimtazama kama karani anavyotazama cheti cha kughushi.

Kwa hiyo Jumatatu sitakuja. Nasema hivyo mapema na kwa adabu, usije ukaniwekea chakula. Lakini kwa kuwa sitaki kuitwa mkaidi, nimekaa nikafikiri, nikaona ipo njia moja ambayo haivunji kanuni yoyote ya ofisi yako. Mnihamishe. Niache kuwa mtumishi, niwe mshiriki. Sababu zangu nimezitia namba, kwa kuwa najua ghorofa ya juu jambo lisilo na namba halisomwi.

1. Vigezo vyote ninavyo. Nimevisoma kwa sauti hata Mzee akivisikia husinzia. Awe mama aliyejifungua ndani ya mwaka: ndiyo. Awe anaishi karibu na kituo: naishi nyuma ya karakana ya kuchomelea, ukipiga chafya dirishani kwako nasema afya. Awe hana mpango wa kuhama: tuhamie wapi na kodi tumeshalipa. Awe tayari kutembelewa: tafadhali. Kuna kigezo kimoja tu kinachonikataa, kile kinachosema mshiriki asiwe mtumishi wa utafiti. Ndiyo maana naomba uondolewe huo utumishi, si mimi. Kiatu kikibana hukati kidole.

2. Nilifikaje kwenye kile kiti. Wameniambia umeletewa taarifa inayosema nilijipenyeza. Ndugu Mkurugenzi, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mafaili mkononi na begi la nepi begani hajipenyezi popote. Siku hiyo mama mkwe alikuwa amekwenda kuangaliwa macho, na mume wangu, Baba Mzee, alikuwa na geti la mteja la kumalizia. Karakana ya kuchomelea si mahali pa kulea. Nikaja na mtoto kazini. Mlinzi alimtazama, akasema huyu mgeni rasmi apite, ila huyu mama aliyembeba aonyeshe kitambulisho.

Nikaingia chumba cha vipimo kupeleka mafaili. Mzee akacheua, sare ikaharibika, nikaivua nikabaki na gauni langu la nyumbani. Akataka kunyonya. Mle chumbani mna viti viwili. Cha mtumishi hakina egemeo tangu nimeanza kazi, na mara mbili nimeandika ombi la fundi. Cha mshiriki kina egemeo, kina mto, na kina kigoda cha miguu, kwa sababu Kamati ya Maadili ilisema kina mama wasiumizwe. Nikakaa hapo dakika ya kunyonyesha tu.

Akaingia yule daktari kijana wa mafunzo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameletwa kituoni na siku hiyo alikuwa anatahiniwa. Hajawahi kuniona. Msimamizi wake amesimama mlangoni na karatasi ya alama, naye hajawahi kuniona, ingawa mimi namchemshia chai. Yule kijana akavuta kile kiti kibovu, akakaa bila kuegemea, akanitazama usoni, akasema karibu mama, pole na safari, umelalaje?

Hapa nitasimama kidogo. Tangu nijifungue nimeulizwa mtoto amelalaje. Nimeulizwa mafaili yamefika. Nimeulizwa kama chumvi imekwisha au imefichwa. Nimelalaje mimi, hilo sikuwa nimeulizwa. Nilifungua mdomo nimwambie kijana, mwanangu umekosea, mimi ni wa humuhumu. Nikasikia mdomo wangu unasema sikulala.

Akasema pole. Akaandika. Akauliza kichwa kinauma, nikasema kinauma. Akauliza huwa naona nyotanyota, nikasema nikipanda ngazi za kwenu, ndiyo. Akauliza kama miguu inavimba, tukaitazama wote wawili, yeye akaandika bila kusubiri jibu langu. Akaniletea chai ya maziwa na mkate wa siagi. Chai hiyo ninaichemsha mimi kila asubuhi kwa ajili ya washiriki na sikuwa najua ladha yake. Ni nzuri. Tangawizi imezidi kidogo, nitapunguza.

Kisha akanisomea karatasi ya ridhaa. Nilipaswa kumkatiza hapo, nakubali. Nilimkatiza kweli, lakini kumwambia ameruka kifungu cha kujitoa. Akashukuru, akarudi nyuma, akakisoma. Akaniomba nimrudishie kwa maneno yangu. Nikarudisha, maana ndiyo kazi pekee ninayoijua hata nikiwa usingizini, na nilikuwa karibu na usingizi. Msimamizi akatikisa kichwa kwa furaha kule mlangoni, nasikia akampa alama ambazo hazijawahi kutolewa. Dada Mizani, muuguzi wetu anayepima uzito, alichungulia, akaniona nimeegemea, kikombe mkononi, miguu juu ya kigoda. Alitazama kwa muda. Kisha akaufunga mlango polepole, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa. Dada Mizani ana watoto watatu.

Yule kijana akanifunga kitambaa cha presha mkononi akapima. Akapima tena. Akahamia mkono wa pili. Akasema kwa sauti ya chini, mama, hii siipendi. Akaniambia nisibebe vitu vizito, nipumzike, nirudi keshokutwa, na kwamba mtembeleaji atakuja nyumbani kuniangalia. Nikapewa namba na nauli. Nauli niliirudisha, kwa kuwa nyumbani ni nyuma ya ukuta. Namba niliipenda, nikakaa nayo. Halafu nikalala palepale, Mzee juu yangu, mpaka msimamizi wa zamu alipokuja mbio akimtafuta msomaji wa ridhaa. Mama mwingine alikuwa anasubiri kusomewa.

3. Kilichofuata. Ilipojulikana mimi ni nani, namba yangu ilifutwa, na kipimo changu kikafutwa kwa maelezo kwamba si halali. Sina ugomvi. Takwimu ni takwimu, na mchele wa wageni hauchanganywi na wa kuku. Ninachoomba kuelezwa ni kimoja: namba ikifutwa, na presha nayo inashuka? Maana mshiriki mwenye kipimo kama changu angetembelewa nyumbani. Mtumishi mwenye kipimo hichohicho aliletewa barua. Mkono uliopimwa ulikuwa mmoja.

Usiwe na wasiwasi, sijakaa tu. Dada Mizani alinikokota kwa daktari wa nje kwa saa yake ya chai, nimeandikiwa dawa, namshukuru Mungu nameza. Ila hilo tusiliweke kwenye taarifa ya Ofisi ya Ustawi. Tuliweke kwenye chai ya Dada Mizani.

4. Haki. Mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila kupoteza huduma. Maneno hayo nayatamka mimi kutwa nzima, kwa utaratibu, nikimtazama mtu machoni. Wiki iliyopita niliomba ruhusa ya asubuhi moja nimpeleke mtoto chanjo. Nikaambiwa nitoe sababu. Nikasema chanjo. Nikaambiwa hiyo ni shughuli, sababu ni nini.

Mshiriki ana Kamati ya Maadili. Watu wazima wenye miwani wanakaa meza ndefu kujadili kama kuchoma sindano mara moja zaidi kutamuumiza mama kuliko inavyofaa. Nawaheshimu sana. Pale wataalamu walipotaka kina mama wapimwe bila kula mpaka adhuhuri, kamati ilikataa katakata, ikasema huko ni kumtesa anayenyonyesha. Nilikuwepo. Nilikuwa nazungusha maji ya chupa kwa wajumbe, sijatia kitu kinywani tangu alfajiri, na blauzi imelowa mbele kwa sababu muda wa Mzee ulikuwa umepita. Mjumbe mmoja aliniambia niushikilie mlango usipige kelele, wanajadili jambo nyeti.

5. Mafunzo yenyewe. Mpango wenu una kaulimbiu nzuri, ile iliyochorwa ukutani kwa rangi ya bluu: Kutoka Maabara Hadi Kitandani kwa Mgonjwa. Nimeifikiria sana kaulimbiu hiyo nikiwa napanda na kushuka. Maabara ipo. Kitanda kipo. Katikati kuna njia, na njia ndiyo sisi. Basi, njia haiulizwi imelalaje.

Lakini haki yenu niwape, njia mnaifundisha. Nimefundishwa kupanga muda. Nimefundishwa kutawala hisia, siku mbili, na mwezeshaji aliyetugombeza sana. Nimefundishwa uongozi, na tangu hapo naongoza birika. Vyeti vyangu vimefunika sehemu ya ukuta wa sebule iliyokuwa inatoa unyevu, na Baba Mzee anasema vikiongezeka kidogo hatutahitaji tena rangi. Pia mlinipa mlezi wa kazi, profesa anayetokea kwenye kioo cha kompyuta mwisho wa mwezi ili kunikuza. Ni mtu mwema. Mara ya mwisho aliniuliza najiona wapi miaka mitano ijayo. Nilimjibu kwa unyoofu kwamba najiona kitandani, nimefunikwa. Aliandika kwamba bado nahitaji kujengewa ndoto.

Sasa nimesoma ratiba ya bwenini. Mada ya kwanza ni Usingizi wa Mama Mfanyakazi, na inaanza saa kumi na moja alfajiri. Ipo Kuimarisha Ukaribu na Familia, ambayo tutaisomea mbali na familia ili tusisumbuliwe. Na ipo moja inaitwa Jifunze Kusema Hapana, imeandikwa pembeni kwamba mahudhurio ni lazima.

Nilimsomea mama mkwe ratiba hiyo yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akaniambia, mkwe wangu, yaani wanakuchukua kwa gari, wanakulisha na kukulaza huko, ili wakufundishe kupumzika? Hiyo gari waniletee mimi. Wewe baki hapa nitakufundisha sasa hivi: lala. Kisha akamchukua mtoto, akafunga mlango. Nililala. Sikupewa cheti.

Baba Mzee naye, ambaye hana maneno mengi kwa sababu mchana kutwa uso wake uko nyuma ya kile kioo cheusi cha kuchomelea, aliisoma barua yako hadi mwisho, akaikunja ilivyokuwa imekunjwa, akaniuliza kama hao wanaofundisha kujitunza wana watoto wadogo. Nikamwambia sijui. Akasema waulize, lakini kwa heshima. Nauliza kwa heshima.

6. Wengine. Sikukusudia kulisambaza jambo hili, ila kituo chetu kina kuta nyembamba. Dada Mizani ameniomba, nikiandika, niweke na jina lake. Mpishi wa takwimu, yule anayeingiza namba kwenye kompyuta mpaka macho yanakuwa mekundu, anasema yeye hana mtoto mchanga lakini ana mama mgonjwa, je hilo halihesabiki? Dereva wa gari la utafiti anauliza kama mwanamume anaweza kupokelewa kwenye utafiti wa kina mama kwa kigezo cha mgongo. Nimemwambia nitauliza. Amesema hata wakimkataa wampe ile chai.

Ukitukubalia sote, utafiti utapata kwa mkupuo mmoja wale washiriki ambao mmekuwa mkilalamika hawatoshi. Tuko karibu, tunaijua karatasi, hatukimbii sindano. Najua utasema: mkihamia wote upande ule, nani atawapima? Nimelifikiria. Ghorofa ya juu kuna waratibu, kuna waratibu wa waratibu, na kuna yule bwana ambaye kazi yake kamili hatujaifahamu lakini ana ufunguo wa chumba cha mikutano. Wote wana vyeti vingi kuliko sisi. Dada Mizani atawaonyesha mizani inavyosawazishwa kabla hajaketi. Na wewe mwenyewe waweza kusoma ridhaa. Sauti yako ni nzuri, tuliisikia siku ya uzinduzi. Njoo na mto tu, kile kiti hakina egemeo.

7. Kama hayo yote ni mazito, basi tufanye kisayansi. Watumishi tugawanywe makundi mawili kwa bahati nasibu, kama mnavyofanya kwa dawa. Kundi la kwanza lipelekwe bwenini kufundishwa kujitunza. Kundi la pili libaki kazini na lipewe chumba chenye mlango unaofungika ambamo mtu anaweza kunyonyesha bila kuhesabiwa pamoja na magodoro, kiti chenye egemeo, chakula saa ya chakula, na mtu mmoja wa kuuliza asubuhi umelalaje na kungoja ajibiwe. Baada ya muda mtupime presha wote, muone ipi imeshuka. Mimi niko tayari kuwa kundi lolote litakalotoka, ilimradi liwe la pili.

Sasa nisikilize, Ndugu Mkurugenzi, maana mambo ya namba yameisha na mtoto ameachia.

Sipendi udhani naichukia kazi. Kabla ya hapa nilikuwa nakaa kwenye kibanda nauza vocha za simu, na hakuna mtu aliyewahi kurudi kunishukuru kwa vocha. Mwezi uliopita nilimsomea mama mmoja mshona nguo, mwenye haraka, ameacha cherehani na mteja. Alisema presha ni ya watu wanene na matajiri, yeye ana deni tu. Nilimsomea, hakurudisha sawasawa, nikaanza upya. Akanuna. Nikaanza tena. Alipopimwa, gari liliitwa palepale. Leo yuko nyumbani anashona, mtoto wake yuko chini ya meza anakula vitambaa. Angeondoka kabla hajarudisha, sijui ningekuwa nakuandikia nini.

Hiyo ndiyo kazi mnayotaka kuiacha Jumatatu kwa mtu mwingine. Atafundishwa, sina shaka, mnafundisha vizuri. Itachukua muda mpaka ajue kumsubiri mtu aliyenuna. Naye huenda akawa na mtoto, na mtoto wake huenda akawa na kipara na msimamo. Mtamwandikia barua hiihii, mtabadilisha jina tu.

Mimi sitaki kuondoka. Wala simwachi mwanangu. Katikati ya hayo mawili nimeona kiti kimoja tu kilicho wazi, nacho kina mto. Naomba nikikalie.

Tafadhali ukishasoma, nirudishie kwa maneno yako umeelewa nini. Usiporudisha sawasawa sitakasirika. Nitaanza upya.

Nisalimie katibu wako, mwambie ile nywila aliyoniomba ni jina la mwanae, alishasahau. Nisalimie wajumbe wa Kamati ya Maadili, mlango nimeutia mafuta. Msalimie profesa, mwambie picha yake ikiganda kwenye kioo huwa namsubiri, siondoki. Yule daktari kijana msimnyang'anye alama zake. Hakukosea kitu. Aliona mtu mgonjwa akamuuliza habari zake, na kama hilo ni kosa basi mlitahini kitu kingine. Mama mkwe anakusalimu bila kukufahamu. Baba Mzee anasema ukileta kile kiti atakichomelea egemeo, kazi ya mara moja, ila chuma mlete nyie.

Ni mimi, mtumishi wako kwa siku zilizobaki,

Msaidizi wa Utafiti, Chumba cha Ridhaa
(Mama Mzee)

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshafungwa nikakumbuka kwamba hakuna mshiriki anayepokelewa bila kusomewa ridhaa, na kwamba anayesoma ridhaa kituoni hapa ni mimi. Sikutaka kuruka utaratibu. Leo Ijumaa, kina mama walipokwisha, nilifunga mlango, nikasimama mbele ya kile kioo kidogo juu ya sinki, nikajisomea karatasi yote kwa sauti, mstari kwa mstari. Nilipofika mwisho nikampa mshiriki nafasi ya kuuliza.

Mshiriki alimtazama anayemsomea. Akauliza, huyu dada anaumwa? Amekula? Naye anaangaliwa na nani? Majibu ya maswali hayo hayamo kwenye karatasi, na mmetufundisha tusibuni. Basi mshiriki akasema ameelewa yote, anashukuru kwa kusomewa vizuri, lakini presha yake hawezi kuiacha mikononi mwa mtu aliyechoka namna ile. Akakataa. Hakutakiwa kutoa sababu, ameitoa kwa hisani tu. Sikumbembeleza. Nimeandika: amekataa.

Kwa hiyo ombi langu lote hapo juu limekufa, na mimi bado ni mtumishi wako. Mtumishi akiitwa mafunzoni huenda. Jumatatu nitaripoti bwenini na begi langu, na kwenye kitanda mtakachonipa Mzee atalala upande wa ukutani. Ile kanuni ya watoto nimeisoma. Yeye hajafikia umri wa kuridhia mwenyewe, na kwa mwongozo wenu anayeridhia kwa niaba yake ni mama yake.

Nimemsomea yote. Nimeridhia.